Kabla Hujapiga Windows Upya: Kutafuta Chanzo cha Kompyuta Inayozima, Nzito au Inayopoteza Faili

Katika ofisi nyingi za ufundi wa kompyuta hapa Dodoma, kuanzia katikati ya mji hadi maeneo yanayozunguka vyuo, jibu la kwanza kwa karibu kila tatizo ni kupiga Windows upya, yaani kufuta mfumo unaoendesha kompyuta na kuuweka mpya. Mteja anaacha mashine asubuhi, anaichukua jioni ikiwa nyepesi, analipa na kuondoka, kisha baada ya wiki chache tatizo lilelile linarudi, kwa sababu chanzo chake hakikuwa ndani ya Windows tangu mwanzo. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume na hiyo: unaanza na dalili, unauliza dalili hiyo inatokea wakati gani, unapima, na ndipo unagusa kitu. Kupiga Windows upya kuna mahali pake, nami nitapataja, lakini mahali hapo ni mwisho wa safari ya uchunguzi.

Swali la kuuliza kabla ya yote ni "lini?" Je, mashine inasumbua ikiwa ya moto au hata ikiwa ndiyo kwanza imewashwa? Inasumbua ikiwa kwenye chaja, au ikitumia betri peke yake? Ilianza baada ya kuchomeka flashi ya mtu, baada ya kuweka programu mpya, au baada ya umeme kukatika na kurudi? Mtu akishindwa kujibu maswali haya, mwombe akae na mashine siku mbili zaidi huku akiandika saa na kazi aliyokuwa akifanya kila inapoharibika. Karatasi hiyo itaokoa muda mwingi kuliko programu yoyote ya uchunguzi.

Mashine inazima ghafla

Kuzima ghafla kuna sura kadhaa. Kuna mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuanza kuzima mchana, hasa inapopewa kazi nzito kama kuhariri video au kuendesha mkutano wa mtandaoni. Kuna inayozima papo hapo chaja inapochomoka. Na kuna inayozima au kujiwasha upya bila kufuata utaratibu wowote unaoonekana.

Windows huweka kumbukumbu ya matukio haya katika programu iitwayo Event Viewer, na humo utakuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Wengi wakiliona huamua mara moja kwamba chaja au pawa saplai (kifaa kinacholisha umeme ndani ya kompyuta ya mezani) imekufa, kwa kuwa limetaja umeme. Tukio hilo linasema jambo moja tu, kwamba mashine ilizimika bila Windows kufungwa kwa utaratibu, na halielezi ni kwa nini. Kinachokusaidia hapo ni saa ya kila tukio: zikikusanyika kati ya saa saba na saa kumi mchana, anza na joto, zikikusanyika jioni, wakati majirani wote wamewasha majiko na mafriji, anza na umeme.

Tuanze na joto, kwa sababu katika mji huu ndilo linalosahaulika zaidi. Dodoma iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, lakini ni nchi kame, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua hainyeshi karibu kabisa huku upepo ukivuma kutwa. Ujenzi uliopamba moto tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa umefungua viwanja na barabara za vumbi kila upande, kutoka Nkuhungu hadi Ihumwa na Mtumba. Vumbi hilo laini huingia ndani ya kompyuta mpakato kupitia matundu ya chini, husafirishwa na feni, na hukwama mahali pamoja mahususi: kati ya feni na mapezi membamba ya shaba au alumini ambayo kazi yake ni kutoa nje joto la prosesa, chipu kuu ya kompyuta. Ukifungua mashine ambayo haijasafishwa kwa miaka mitatu, huoni vumbi lililotawanyika tu. Unakuta utando mmoja mzito wa kijivu, wenye nywele na nyuzi za nguo ndani yake, ambao unaweza kuunyanyua kwa koleo ndogo ukatoka mzima kama kipande cha blanketi. Nyuma ya utando huo mapezi yenyewe mara nyingi ni safi kabisa, maana hakuna hewa iliyokuwa ikiyafikia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji programu. Mashine ikiwa inafanya kazi nzito, weka kiganja karibu na tundu la kutolea hewa. Feni ikipiga kelele sana lakini hewa inayotoka ni hafifu, njia imeziba. Feni ikiwa kimya kabisa na upande wa chini unachoma mkono, feni yenyewe imekufa au imekwama. Kipimo cha pili ni programu ya bure kama HWiNFO au HWMonitor, ambayo husoma vipimajoto vilivyomo ndani ya prosesa. Kompyuta mpakato iliyotulia bila kazi kwa kawaida huwa kati ya nyuzi joto 40 na 60. Ikiwa kazini, kufika 80 au 90 si jambo la kutisha. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa ukomo wa karibu nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, mashine hujizima. Maana yake ni kwamba mashine ileile inaweza kuletwa kwako ikiwa na malalamiko mawili tofauti, "nzito" na "inazima", na chanzo kikawa kimoja. Windows mpya kwenye mashine ya namna hiyo itakwenda vizuri kwa dakika kumi tu za kwanza.

Usafishaji una kanuni zake, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na uchomoe waya wa betri kutoka kwenye bodi kuu ya mashine kabla ya kugusa kitu kingine. Zuia panga za feni kwa kijiti ili zisizunguke unapopuliza, kwa kuwa zikizungushwa kwa nguvu ya blowa huharibu beringi. Toa utando kwa brashi laini au koleo badala ya kuupuliza uingie ndani zaidi. Usipeleke mashine kwa wajaza upepo wa matairi: tangi la kompresa hukusanya maji na mafuta, na hewa yake ina shinikizo kubwa kuliko vifaa hivi vinavyoweza kuvumilia. Katika miezi ya kiangazi hewa ya hapa ni kavu kiasi kwamba umeme tuli hujikusanya mwilini kwa kutembea tu juu ya zulia, kwa hiyo shika sehemu ya chuma iliyounganishwa na ardhi kabla ya kugusa bodi, na epuka mashine za kufyonza vumbi zenye bomba la plastiki, ambazo zenyewe huzalisha umeme huo. Ukilazimika kutoa kipoza joto, futa dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa kwa spiriti ya isopropili na uweke mpya, kiasi cha punje ya mchele. Baada ya hapo, mashine isitumiwe juu ya godoro wala mto, kwa sababu matundu ya kuvuta hewa yako chini na kitambaa huyaziba kabisa.

Ikiwa mashine inazima papo hapo chaja inapochomoka, hakuna fumbo. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, na Windows itatengeneza ripoti ambayo mahali ilipohifadhiwa hutajwa hapohapo kwenye kioo. Ndani yake tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake inapojaa sasa. Betri iliyoundwa kubeba mWh (miliwati-saa) 41,000 ambayo sasa inajaa kwa 9,800 imebakiwa na chini ya robo ya uwezo wake, na hakuna programu itakayoirudisha. Ukiona sehemu ya kugusia ya panya imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Acha kuitumia siku hiyohiyo, usiitoboe, na mpelekee fundi aitoe.

Umeme wa ukutani

Umeme wetu kwa viwango ni volti 230 na hezi 50. Chaja za kompyuta mpakato karibu zote zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa jioni hauzisumbui sana. Kompyuta ya mezani ni jambo jingine. Ikiwa inajiwasha upya kila jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, au friji linapoanza kunguruma, pawa saplai yake inashindwa kuvumilia mshuko wa ghafla, na dawa ni UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapoyumba) yenye uwezo wa kurekebisha volti, au kubadili pawa saplai iliyochoka. Baadhi ya mashine za mezani za zamani zilizoletwa zikiwa zimetumika zina swichi nyekundu nyuma yenye alama ya 115 na 230. Hakikisha iko kwenye 230 kabla hujachomeka, kwa kuwa ikiachwa kwenye 115 na ikapewa umeme wetu, pawa saplai huungua hapohapo.

Wenye steshenari wanahitaji neno lao la pekee. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ileile inayobeba kompyuta. Kila inapopasha joto roli yake ya kubanikia wino huvuta umeme mwingi kwa mara moja, UPS hulia na kuzidiwa, na kompyuta huzima ikiwa katikati ya kazi ya mteja. Nimeona zaidi ya duka moja likibadilisha betri za UPS kila baada ya miezi michache kwa sababu hiyo tu. Printa ichomekwe moja kwa moja ukutani, UPS ibebe kompyuta na kioo chake.

Chaja nayo ina hila yake, na hii huwachanganya hata mafundi wazoefu. Mashine inayohitaji chaja ya wati 65, yaani volti 19.5 na ampea 3.34, ikipewa ya wati 45 itawaka, lakini itachaji polepole na kupunguza kasi. Kwa kompyuta za Dell kuna jambo la ziada: kuna pini ndogo katikati ya tundu ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja. Pini ikipinda, au chaja ya bei nafuu ikiwa haina utambulisho huo, mashine huonyesha ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, huacha kuchaji betri, na huishusha prosesa hadi kasi ya chini mno. Mtumiaji haoni ujumbe huo kwa kuwa hupita upesi wakati wa kuwasha; anachokiona ni mashine iliyokuwa nzuri jana na leo haifungui hata Word. Chomoa chaja, iache itumie betri, uone kama wepesi unarudi. Ukirudi, tatizo umelishika mkononi.

Skrini ya bluu

Skrini ya bluu ni afadhali kuliko kuzima kimya, kwa sababu Windows inajaribu kukuambia jambo. Piga picha kwa simu, usome neno lililoandikwa kwa herufi kubwa. MEMORY_MANAGEMENT hukuelekeza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: endesha kipimo cha mdsched, na kikikuta kosa, toa vipande vya RAM, futa meno yake kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, virudishe kimoja kimoja na upime tena. Jina la faili linaloishia na .sys hukuelekeza kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, na hapo swali la "lini" linarudi: ni kifaa gani au sasisho gani liliingia siku zile?

Mfano mkubwa wa namna hii uliikumba dunia nzima tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, zikawa zinawaka, zinaonyesha bluu na kujiwasha tena bila kikomo, na viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi vikakwama. Mtu aliyezoea kupiga Windows upya angefuta mashine zote hizo. Dawa halisi ilikuwa kuingia Safe Mode (hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu), kwenda kwenye folda ya draiva za CrowdStrike, na kufuta faili moja tu ambayo jina lake linaanza na C-00000291. Mashine ikawashwa, na kila kitu cha mtumiaji kikawa palepale. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila mara mtu anapokuletea mashine isiyowaka na kukuambia "futa tu."

Mashine ni nzito

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka, usianze kufunga programu ovyo. Tazama kwa dakika mbili ni safu ipi kati ya CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski) inayokaa juu.

Ikiwa ni Disk, inakaa kwenye 100% wakati kasi inayosomwa ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, hali hiyo ina maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake kinapaswa kuhama huku na kule kutafuta maelfu ya vipande vidogo vya Windows ya kisasa. Diski hiyo inaweza kusoma faili moja kubwa kwa kasi nzuri tu, lakini vipande vidogo vilivyotawanyika huishinda nguvu. Kubadili na kuweka SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo tiba pekee ninayoweza kuisimamia bila kusita kwa kompyuta ya zamani. Hakuna usafishaji wala Windows mpya inayokaribia badiliko hilo. La pili ni kwamba diski inakufa. Pakua CrystalDiskInfo na utazame mistari ya Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Ikiwa programu imeandika Caution kwa rangi ya njano, au unasikia mlio wa "ta-ta-ta" ndani ya mashine, acha kila kitu na unakili faili muhimu kwanza. Usianze na chkdsk /r. Amri hiyo hulazimisha diski kusoma kila kona yake kwa saa nyingi, na diski iliyokuwa na pumzi za kutosha kukupa picha na taarifa zako inaweza kuzimalizia hapo.

Ikiwa ni Memory, hesabu ni rahisi: RAM ya GB 4 hutumika karibu nusu na Windows yenyewe, na zilizobaki humezwa na kivinjari chenye kurasa kumi. Ongeza RAM kama bodi inaruhusu, punguza programu zinazojiwasha zenyewe, na ondoa antivirus ya pili, kwa maana kuwa nazo mbili kwa pamoja ni kuzifanya zigombanie kila faili inayofunguliwa.

Ikiwa ni CPU, na hasa ikiwa feni hupiga kelele mashine ikiwa imeachwa bila kazi kisha ikatulia mara tu unapofungua Task Manager, shuku programu iliyofichwa inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Mlango wake wa kawaida ni zile programu za kuvunja leseni za Windows, Office au za kuhariri picha, ambazo maelekezo yake huanza kwa kukutaka uzime antivirus. Programu inayokuomba uondoe mlinzi kabla haijaingia imeshajieleza. Hapa ni mahali halali pa kupiga Windows upya, kwa sababu mashine iliyoingiliwa kwa ruhusa kamili ya mwenyewe haiwezi kuaminiwa tena kwa kufuta faili mbili tatu.

Flashi imejaa shotikati

Mwanafunzi anatoka kuchapa tasnifu ya utafiti wake steshenari, anafika chumbani, anachomeka flashi, na badala ya folda zake anaona vishale vya shotikati (njia za mkato za kufungulia faili), au flashi tupu ambayo hata hivyo inaonyesha imetumika GB 6. Anaambiwa faili zimeliwa. Hazijaliwa. Kirusi cha aina hii huzipa faili halisi alama ya kufichwa na ya mfumo ili zisionekane, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale, na kila unapobofya shotikati unafungua faili yako na wakati huohuo unakiendesha kirusi.

Mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama utafaulu. Ukisafisha flashi kwenye kompyuta iliyoambukizwa, itachafuka tena kabla hujaichomoa. Kwa hiyo anza na kompyuta: sasisha Microsoft Defender, antivirus iliyomo ndani ya Windows, endesha uchunguzi kamili na, ukiweza, ule wa nje ya mtandao unaofanyika kabla Windows haijawaka. Kisha chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake, ichunguze, futa shotikati zote pamoja na faili ngeni zinazoishia na .vbs, .js au .exe ambazo hukuziweka wewe. Mwisho, fungua Command Prompt na uandike amri ifuatayo, ukibadilisha herufi E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri ikimaliza, folda zitaonekana. Zinakili mahali pengine, na hapo ndipo unapoweza kuformati flashi kwa amani. Anayeformati kwanza anapoteza kazi ambayo ilikuwepo muda wote.

Kwa mwenye steshenari, kompyuta inayopokea flashi za watu isiwe ileile inayotunza hesabu za duka, na wateja wazoeshwe kutuma kazi kwa barua pepe katika muundo wa PDF. Nafahamu kwamba foleni ya saa tano asubuhi hairuhusu mahubiri, lakini kirusi kimoja kwenye mashine hiyo hufika hosteli nzima ndani ya siku moja.

Flashi inayopokea faili vizuri kisha zikagoma kufunguka ni tatizo tofauti: mara nyingi ni flashi ya bandia ambayo imedanganywa kuonyesha GB 64 wakati ndani ina 8. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, na ukweli hujitokeza. Lakini flashi halali ya GB 64 ikionyesha takriban 59 haijaibiwa kitu, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024.

Tovuti zinakataa na bando linaisha

Kivinjari kikisema kila tovuti si salama, tazama saa ya kompyuta kabla ya kulaumu mtandao. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, na mashine inayodhani ni mwaka 2015 huvikataa vyote. Saa ikirudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya bodi imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032 ya volti 3, inayouzwa kwa mafundi saa. Weka mpya, chagua saa za Nairobi kwenye orodha, basi.

Kuhusu bando, kompyuta inapounganishwa na simu huidhania simu hiyo kuwa waifai isiyo na kikomo. Ingia kwenye mipangilio ya muunganisho huo na uwashe chaguo la Metered connection, kisha zima Delivery Optimization, ambayo inaweza kutumia bando lako kuwapelekea watu wengine vipande vya masasisho. Usizime masasisho yenyewe moja kwa moja. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na kirusi cha WannaCry kilichofunga kompyuta katika nchi nyingi mwezi Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo lilikuwa limeshazibwa na sasisho la Machi mwaka huohuo. Waliopona ni wale waliosasisha. Tafuta siku moja kwa mwezi, palipo na waifai ya ofisi au chuo, mashine ikamilishe deni lake.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa wenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi tulizonunua zikiwa zimetumika zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, nazo karibu zote haziko kwenye orodha ya Windows 11, ambayo hutaka pia TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri) na RAM isiyopungua GB 4. Kuna njia za kuilazimisha, lakini mwenye mashine aelezwe wazi kwamba Microsoft haimhakikishii masasisho ya baadaye. Kwa anayeandika nyaraka, kusoma barua pepe na kutazama video, Linux Mint (mfumo mbadala wa Windows) pamoja na LibreOffice (programu za ofisi) kwenye mashine hiyohiyo ni chaguo la heshima, na masasisho yake ni ya bure.

Ikibidi kupiga Windows upya

Zipo hali tatu ninazozikubali: mashine imeingiliwa na programu hasidi, diski imebadilishwa, au faili za mfumo zimeharibika na ukarabati umeshindikana. Kwa hiyo ya tatu, jaribu kwanza amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, ikifuatiwa na sfc /scannow, zote kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Zikimaliza zikasema zimerekebisha, washa upya na uangalie kabla ya kuendelea.

Mashine iliyokuja na leseni halali haihitaji programu ya kuvunja leseni inapopigwa upya. Leseni ya kidijitali imefungamana na bodi ya mashine, kwa hiyo ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukatumia faili iliyopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft, Windows itajitambua yenyewe mara itakapopata intaneti. Uliza kuhusu jambo hili unapoacha mashine kwa fundi, kwa kuwa wengi huweka nakala iliyovunjwa kwa mazoea tu, na hapo ndipo ugonjwa wa CPU nilioueleza juu huanzia.

Nakili kilichopo kwenye Desktop, Documents na Downloads, alama za kurasa (bookmarks) na nywila za kivinjari, na data za programu ya hesabu ambazo mara nyingi hujificha ndani ya diski C nje ya folda hizo. Kisha, kwenye kompyuta zenye Windows 11, angalia kama usimbaji wa diski (kuifunga data kwa ufunguo wa siri) umewashwa, kwa sababu matoleo ya karibuni huuwasha yenyewe bila kumuuliza mtu. Diski ya namna hiyo ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, au BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ikibadilishwa mipangilio, itadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, na mara nyingi akaunti hiyo ilifunguliwa dukani na muuzaji, kwa barua pepe ambayo mwenye mashine hajawahi kuijua. Ingia kwenye akaunti hiyo leo, mashine ikiwa bado inawaka, uzinakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi, na ikiwa akaunti si yako, zima usimbaji na uusubiri umalize kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu.